Umri wa Kukadiria kwa Macho

Katika kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 limo neno dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Sheria haikusema tu kwamba msichana haolewi kabla ya miaka 15. Ilisema haolewi kabla hajafikia miaka 15 kwa jinsi anavyoonekana. Umri wake ulifanywa jambo la macho. Shangazi amtazame, mshenga amtazame, mfungishaji ndoa amtazame. Wakiona mwili umeshachukua umbo la utu uzima, basi na sheria imeona.

Neno hilo lilikuwa na sababu yake, na ni haki kuitaja. Watoto wengi wa wakati ule walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, na siku ya kuzaliwa ilishikwa kwa kumbukumbu za wazazi: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, masika ya mafuriko. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha mjini. Watunga sheria wakaandika kipimo walichodhani kila kijiji kinacho. Lakini macho hayo yalikuwa ya nani, na yalitaka kuona nini? Kwa miaka 45 iliyofuata, karibu kila sheria iliyotungwa Tanzania Bara kumlinda mtoto ilimwona mtoto mmoja na kumpita mwenzake aliyesimama hatua mbili pembeni. Aliyepitwa mara nyingi alikuwa yuleyule: msichana wa kijijini, aliyemaliza au kuacha shule, ambaye hana tena daftari la kumtetea.

Sheria ya Ndoa haikuzaliwa na watu wabaya. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ukajadiliwa hadharani, na ubishi ulikuwa mkali kwa sababu nchi ilikuwa na ndoa za kila namna, kila moja na taratibu zake: za kimila, za Kiislamu, za Kikristo, za Kihindu, za bomani. Kuziweka zote chini ya paa moja lilikuwa jambo la ujasiri. Kenya ilijaribu jambo la aina hiyo, na muswada wake ukakwama bungeni mwaka 1976 na tena 1979; Wakenya walisubiri hadi 2014. Tanzania ilifaulu mwaka 1971. Mke akapata haki ya kugawana mali iliyochumwa pamoja. Mume akakatazwa kumpiga mkewe. Ndoa bila hiari ya wote wawili ikawa si ndoa. Wanaotaka kuoana wakatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla, nia yao itangazwe, na mtu yeyote anayejua kizuizi cha kisheria akaruhusiwa kwenda kuweka pingamizi.

Ndani ya sheria hiyohiyo njema wakaweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Mahakama iliweza kushuka hadi 14 ikiona kuna sababu ya pekee. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 aolewe kwa ridhaa ya baba. Kama baba hayupo duniani, mama. Kama wote hawapo, mlezi. Ukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja unapata picha ya ajabu. Msichana wa miaka 15 alikuwa mdogo mno kuamua mwenyewe, ila hakuwa mdogo mno kuamuliwa. Kaka yake wa umri huohuo sheria ilimwacha avue samaki, achunge, asome, akue.

Miaka 15 ilikuwa mapatano. Walikuwapo waliotaka umri usitajwe kabisa, kwa kuwa mila na dini zao zilihesabu balehe. Walikuwapo waliotaka zaidi. Serikali ikakata katikati, na msichana akawa ndiye aliyegharimia mapatano hayo.

Baadaye ikaja shule. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwishoni mwa muongo ule madarasa yalijaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya shule ya msingi kuwa lazima. Kwa mara ya kwanza msichana wa kijijini alikuwa na mahali ambapo jina lake linaitwa kila asubuhi, na asipoitika mtu anauliza. Sidhani kama tumewahi kuthamini vya kutosha ulinzi uliokuwamo katika kuitwa jina tu. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio alikuwa shahidi ambaye mshenga hakumpenda.

Ulinzi huo ulikoma siku ya matokeo ya darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka minane au tisa alimaliza akiwa na 15 au 16, matokeo yakatoka, jina lake halikuwemo, akarudi nyumbani kusubiri. Kusubiri nini? Kila aliyesoma vijijini anamkumbuka mwenzake wa dawati ambaye mwezi wa tisa alikuwa akikariri majedwali ya kuzidisha, na masika yaliyofuata amefunga khanga mbili na tumbo limeshajitokeza. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Jambo hili linanikera zaidi ya uhalifu wenyewe, maana uhalifu una polisi wake.

Mwaka 1989, tarehe 20 Novemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Mwaka uliofuata Afrika ikaandika mkataba wake, wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao katika ibara ya 21 haumung'unyi maneno: ndoa na posa za watoto ni marufuku, na umri wa chini wa kuoa au kuolewa ni miaka 18. Tanzania iliridhia ule wa kwanza mwaka 1991 na ule wa Afrika mwaka 2003. Nchi ikawa na mikono miwili, mmoja umetia saini 18 nje, mwingine umeshika 15 ndani.

Mikataba peke yake isingefika mbali. Lililobadilisha hewa katika miaka ya tisini ni watu walioanza kuishi na watoto na palepale wakaanza kuwasemea. Mwanza ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1992 vijana wachache, Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati miongoni mwao, walianzisha Kuleana, kituo cha watoto wa mitaani. Huduma yenyewe ilikuwa ya kawaida: chakula, maji ya kuoga, mahali pa kulala, mtu wa kukupeleka hospitali ukiwa na kidonda. Kulikuwa hata na mkahawa wa piza wa kuchangia gharama. Ila Kuleana hawakuishia kwenye sufuria. Walimuuliza mtoto kilichomtoa nyumbani, na majibu yake wakayachapa. Wakatoa vijitabu na mabango kwa Kiswahili chepesi juu ya viboko, juu ya wasichana wanaofukuzwa shule kwa ujauzito, juu ya haki ya mtoto kusikilizwa. Neno "haki za mtoto", ambalo lilikuwa la semina na la mahotelini, likaanza kubandikwa kwenye kuta za shule na zahanati.

Wengi waliona hayo ni uzungu. "Mtoto ana haki gani? Haki yake ni kula na kutii." Maneno hayo yalisemwa na watu wazima wenye mapenzi mema, waliolelewa hivyo. Lakini hata wazee wetu waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakumaanisha kwamba mwana mwenyewe hana uchungu. Kazi ya vituo vya namna ile ilikuwa kuurudisha uchungu wa mwana kinywani mwake.

Wanawake waandishi wa habari, TAMWA, walikuwa wameshajipanga tangu 1987. Wanasheria wanawake wakafuata, kisha Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Tume ya Kurekebisha Sheria nayo iliitazama Sheria ya Ndoa, na ripoti yake ya 1994 ikapendekeza umri wa msichana upandishwe. Ripoti ikapokewa, ikakaa. Kuna sababu ya woga ule. Mwaka 1988 Sofia Kawawa, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa chama tawala, alipogusa hadharani suala la ndoa za wake wengi, Zanzibar watu waliandamana, na wanasiasa wa zama hizo hawakulisahau. Ndoa ikawa mzinga wa nyuki: kila mtu alijua una asali, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuupasua.

Mwaka 1998, kwa msukumo mkubwa wa TAMWA na wenzao, Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ilikuwa sheria kali na iliyohitajika. Mwanamume akimwingilia msichana wa chini ya miaka 18, hata kama msichana alikubali, amebaka, na adhabu ni miaka 30 au zaidi. Waliopigania sheria ile walistahili kushangilia. Lakini katika aya hiyohiyo kulibaki mlango: isipokuwa kama msichana ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Fikiria mwanamume wa miaka 40 na msichana wa miaka 15. Usiku wa Alhamisi ni mbakaji wa kufungwa miaka 30. Ijumaa imesomwa hutuba ya ndoa, au ng'ombe wamevuka mto, au cheti kimetiwa saini. Usiku wake ni mume. Msichana ni yuleyule na mwili wake ni uleule.

Hapo unaona jinsi neno moja la 1971 lilivyoweza kuzitafuna sheria zilizokuja baada yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa hatua kubwa kuliko zote. Ilisema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, ikaweka masilahi ya mtoto mbele ya yote, ikazipa halmashauri wajibu wa kumlinda, na ikamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Lakini umri wa kuolewa haikuugusa. Mtoto wa miaka 16 akawa mtoto shuleni, mtoto hospitalini, mtoto mahakamani, mtoto barabarani, na mtu mzima siku moja tu: siku ya kuozeshwa.

Takwimu za mwaka uliofuata zilisema yaliyokuwa yakiendelea. Katika utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2010, wanawake 37 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Shinyanga walikuwa 59, Tabora 58, Mara 55, Dodoma 51. Katika mikoa minne, basi, msichana aliyefika miaka 18 bila mume ndiye aliyekuwa wa wachache.

Nataka nikae kidogo Mara, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa kwamba huduma ya mtoto na utetezi wa mtoto ni kazi moja. Miongoni mwa Wakurya, ukeketaji ulikuwa ndio mlango wa ndoa. Msichana akishakeketwa ameshakuwa mtu mzima mbele ya jamii, na hesabu ya ng'ombe inaanza. Baraza la wazee wa mila, inchama, ndilo linalotangaza msimu, na msimu huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mwalimu mwenye daftari la mahudhurio yuko likizo. Sheria ya 1998 iliharamisha ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18. Ngariba akaendelea na kazi alfajiri.

Kwa hiyo wasichana wakaanza kukimbia. Wengine walitembea usiku kucha kwa miguu, wengine walipanda bodaboda kwa nauli waliyoificha kwa miezi. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kilianza kuwapokea mwaka 2008, na mwaka 2014 ikafunguliwa Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly, mama ambaye naye alikeketwa akiwa msichana na aliapa watoto wengine wasipite alikopita.

Utaratibu wa nyumba kama ile unastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ni suala la kufungua geti na kutandika magodoro. Msichana akifika, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto anaandikisha taarifa, afisa ustawi wa jamii anaarifiwa, anapimwa afya, anapewa kitanda. Msimu ukipita inaanza kazi ngumu zaidi, ya kurudi kijijini. Wazazi wanaitwa, wanazungumza na mtoto wao mbele ya mashahidi, wanaandika ahadi kwamba hatakeketwa wala kuozeshwa. Wapo wanaolia kwa aibu, wapo wanaotia saini kwa hasira. Wapo wanaokataa katakata, na mtoto wao anabaki kituoni, anaendelea na shule au anafundishwa ushonaji. Aliyerudi nyumbani anafuatiliwa, kwa sababu ahadi ya Januari hupimwa Desemba inayofuata.

Wale wasichana walikuwa wakitoa hoja kwa miguu yao. Kila aliyekimbia alikuwa ushahidi kwamba madai ya "mila zetu zinakubalika na wote" hayakuwa ya kweli. Mmoja wa wenye mila alikuwa amekataa, na alikuwa na miaka 13. Nyumba salama ilimpa kitanda, na kwa kumpa kitanda ikafanya kukataa kwake kuonekane. Wanasheria wa Dar es Salaam wangeandika nini kama hakuna aliyekimbia?

Mwaka 2016 mambo yalikuja kwa kasi. Januari, serikali ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne. Mwezi huohuo Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyekuzwa Dodoma na kujulikana kwa vijana kupitia vipindi vya shirika la Femina, alifungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alikuwa ameanzisha shirika la Msichana Initiative, na amesema mara nyingi hadharani kwamba kilichomsukuma ni wenzake wa shuleni aliowaona wakitoweka kwa mimba na ndoa. Wakili wake alikuwa Jebra Kambole. Ombi lao lilikuwa fupi: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba, kwa sababu vinamfanya msichana asiwe sawa na mvulana mbele ya sheria na vinamnyang'anya utu wake.

Wakati shauri likiendelea, Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu. Anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, afungwe miaka 30. Habari ilipokelewa kwa vigelegele, na kwa mwanafunzi ilikuwa kinga ya kweli. Lakini msomaji ameshaona nani aliyebaki nje. Binti wa miaka 15 aliye kidato cha pili alilindwa na kifungo cha miaka 30. Dada yake pacha aliyekosa nauli ya kwenda shule ya kata, akaacha, alilindwa na ridhaa ya baba yake tu. Sheria ilikuwa imeilinda sare ya shule. Aliyeivua hakuhesabiwa.

Mbele ya mahakama upande wa serikali ulijenga hoja juu ya mila na dini: sheria ya 1971 ilitokana na maoni ya wananchi, ikaheshimu tofauti zao. Sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi inataka majaji watatu, na tarehe 8 Julai 2016 watatu hao walisoma hukumu. Wakasema vifungu vile viwili vinakiuka Katiba. Sheria iliyompa mvulana miaka 18 na msichana 15, tena kwa ridhaa ya mwingine, ilikuwa ya kibaguzi, na nyakati zilizoizaa zilikwishapita.

Hawakuvifuta papo hapo. Katiba yetu, katika ibara ya 30, inairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuibatilisha sheria, na majaji wakatoa mwaka mmoja. Ila walitaja wenyewe marekebisho hayo yaweje, na nadhani hiyo ndiyo roho ya hukumu yote: umri wa kuoa na kuolewa uwekwe miaka 18 kwa wote wawili.

Serikali ikakata rufaa. Katika Mahakama ya Rufani ililetwa hoja kwamba wasichana hukomaa mapema kuliko wavulana, kwa hiyo kuwatofautisha si kuwabagua, na kwamba sheria za Kiislamu na za kimila zinaitambua ndoa baada ya balehe. Ilinisikitisha kuisoma hoja ile ya kukomaa mapema, kwa sababu ilikuwa ni yale macho ya 1971 yamevaa joho. Mwili wa binti ulikuwa ukitolewa tena kama cheti cha kuzaliwa. Madaktari wa wodi za wazazi, wanaoshona fistula za wasichana waliojifungua nyonga hazijapanuka, wangeweza kuwaeleza mawakili mwili wa miaka 15 umekomaa kwa kazi gani na haujakomaa kwa ipi.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali rufaa. Ilikumbusha mikataba ambayo nchi iliridhia kwa hiari yake, ukiwamo ule wa Afrika na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, na ikasema tofauti ya umri ile haiwezi kuitwa ulinzi wa msichana. Mkono wa nje na mkono wa ndani ikakutanishwa na watu walioapa kuitafsiri Katiba. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2018, Rebeca Gyumi alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Oktoba 2020 ikafika, mwaka mmoja tangu rufaa itupwe, na maneno ya kifungu cha 13 yalikuwa bado palepale kitabuni. Katika toleo la sheria lililorekebishwa la 2019, kurasa safi zilizochapwa upya, miaka 15 ilisomeka kama ilivyosomeka 1971. Serikali ilirudi kwenye kukusanya maoni. Hakimu wa mjini alijua kwamba mahakama imesema 18. Mfungishaji ndoa wa kijijini aliyefungua kitabu aliona 15. Tena kitabu kilikuwa cha Kiingereza, maana ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama zake. Nusu karne neno la kukadiria kwa macho lilikaa katika lugha ambayo mama wa Kahama au Nzega hakuweza kulisoma, na lilikuwa linamhusu bintiye.

Kwa hiyo kazi ikarudi kwa watu wa chini, na nikitazama sasa naona ndiko ilikokuwa siku zote. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulianza kupelekwa kwenye zahanati na ofisi za kata, bila malipo, kuanzia Mbeya mwaka 2013. Mtoto anapopelekwa chanjo anaweza kuondoka na cheti, na mwenye cheti hakadiriwi. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, inapigwa bure, na anayepokea anamjua afisa ustawi wa jamii wa wilaya husika. Mpango wa taifa wa kupambana na ukatili, MTAKUWWA, ulileta kamati hadi ngazi ya kijiji, ambako mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya, kiongozi wa dini na watoto wenyewe wanakaa benchi moja. Klabu za wasichana, zile za Msichana Initiative na za mashirika mengine, zinakaa chini ya miti na kusoma vifungu. Binti anayejua kwamba Mahakama ya Rufani imesema 18 ana jambo la kumwambia shangazi.

Na lipo tangazo la siku 21. Waliotunga sheria ya 1971 waliliweka, pengine wakiwafikiria wanaume waliooa kwa siri na wake waliodanganywa. Ndoa nyingi za watoto hazilipitii kabisa. Zinafungwa uani usiku, na wazazi wakiulizwa wanatoa hati ya kiapo kwamba binti ana 18. Lakini pale tangazo linapotolewa, sheria haimtaki anayepinga awe wakili, wala ndugu, wala mwanamume. Inamtaka awe mtu anayejua jambo. Mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza anajua alizaliwa mwaka gani. Muuguzi mwenye nakala ya kadi ya kliniki anajua. Jirani aliyejifungua wiki moja na mama yake, ambaye mwanawe wa kiume wa umri huohuo hivi sasa anacheza mpira wa makaratasi nje, anajua. Afisa akifungua daftari la pingamizi hamuulizi binti anaonekanaje. Anamuuliza mama huyo jina lake, na anachokijua.